Debian 12 ndani ya mashine ya mwaka 2003

Kompyuta mpakato ninayoandikia maneno haya ina prosesa ya Pentium M ya mwaka 2003, yenye kiini kimoja tu na mwendo wa gigahezi 1.4. RAM yake ni gigabaiti 1 baada ya kuongezwa, na skrini ni ile ya zamani ya pikseli 1024 kwa 768. Mfumo endeshi uliomo ni Debian 12, mmoja wa mifumo ya Linux, uliotoka Juni 2023. Chuma na programu vimepishana miaka ishirini, na bado mashine inawaka, inaingia mtandaoni, inachapisha, inapiga muziki na inapokea viraka vya usalama kama kompyuta nyingine yoyote. Kabla ya kuanza nilidhani kikomo chake kitakuwa mwendo. Kikomo nilikikuta kwingine kabisa.

Kila anayeiona huuliza kwanza, "Inafungua YouTube?" Nitafika huko. Wa pili huuliza kwa nini sikuiachia Windows XP iliyokuja nayo. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na ukosefu wa viraka ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba Internet Explorer 8, kivinjari cha mwisho cha kampuni hiyo kwa XP, hakijui TLS 1.2, lugha ya usimbaji inayolinda mawasiliano na tovuti, na tovuti nyingi sasa hazikubali kuzungumza na chochote kilicho chini ya hapo. Kwa hiyo mashine yenye XP haiko hatarini tu, imefungiwa mlango pia. Nilitaka mfumo ambao watu bado wanaushughulikia, hata kama ungekuwa mzito zaidi.

Ukuta wa kwanza ulijitokeza kabla kisakinishi hakijaonyesha hata menyu. Distro niliyoanza nayo, yaani mkusanyo wa Linux ulioandaliwa tayari, ilikuwa na kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ya aina moja tu. Kerneli hiyo iliikagua prosesa, ikatangaza kwamba haina PAE, ikasimama hapo hapo. PAE ni utaratibu uliokuja na Pentium Pro mwaka 1995, unaoiwezesha prosesa ya biti 32 kufikia RAM inayozidi gigabaiti 4. Mashine yangu haina hata pa kuchomeka gigabaiti 4, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza inaihitaji ya nini. Ni kwamba majedwali ya kumbukumbu ya PAE ndiyo yenye nafasi ya biti ya NX, ile inayozuia data kuendeshwa kana kwamba ni programu. Watengenezaji wengi wa distro wakaona afadhali kila mtu atumie kerneli hiyo, wakaitupa nyingine.

Kichekesho ni kwamba Pentium M za mwanzo, zile za kizazi cha Banias, PAE wanayo. Ila hawasemi. Kerneli inapoiomba prosesa orodha ya uwezo wake, bendera ya PAE haimo, mithili ya mtu anayejua kuogelea lakini akaacha kisanduku hicho wazi kwenye fomu. Linux ina neno la kuongeza kwenye mstari wa kuwashia, forcepae, ambalo maana yake ni: usiulize, chukulia kwamba ipo. Unalichapa, kerneli inalalamika kwamba prosesa inatumiwa nje ya masharti ya mtengenezaji, kisha inaendelea na safari. Tangu niweke neno hilo kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, sijaona hitilafu yoyote iliyotokana nalo.

Debian haikunilazimisha kupita njia hiyo. Hadi toleo la 12 ilikuwa na kerneli mbili za biti 32, moja yenye PAE na nyingine isiyo nayo, na kwa muda nilitumia ile ya pili kwa raha. Nilichokuja kukigundua kwenye nyaraka ndicho kilichonirudisha kwenye forcepae. Januari 2018 ulimwengu ulitangaziwa udhaifu wa prosesa uitwao Meltdown na Spectre, unaoiruhusu programu kusoma kumbukumbu isiyoihusu. Kinga kubwa ya Meltdown ni kuyatenga majedwali ya kumbukumbu ya kerneli na yale ya programu za kawaida. Kinga hiyo ilizifikia mashine za biti 32 kwenye Linux 4.19, nayo hufanya kazi kwenye kerneli yenye PAE peke yake. Anayechagua kerneli isiyo na PAE anabaki bila kinga hiyo, na hakuna dirisha litakalojitokeza kumwambia. Kuna amri ndogo ya kusoma hali halisi, nayo ni kuangalia mafaili yaliyomo ndani ya /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities. Ningependa kila anayefufua kompyuta kuukuu aanze na kuyasoma.

Kinga hizi zina gharama, tena kwenye prosesa ya zamani gharama inauma zaidi. Ndiyo maana ushauri unaosambaa ni kuongeza mitigations=off, neno la kuzizima, kwenye mstari wa kuwashia na kurudisha mwendo uliopotea. Mimi nautazama hivi: kama mashine ni ya kuandikia, kusikiliza muziki na kuingia kwenye seva nyingine kwa mbali kupitia SSH, na haiendeshi programu za watu usiowajua, zima ukitaka. Kama ina kivinjari kinachoendesha JavaScript, yaani programu zinazokuja ndani ya kurasa, ya kila tovuti, umeziacha programu za watu usiowajua ziingie kila unapobonyeza kiungo. Hapo afadhali uvumilie.

Nikirudi kwenye Windows, wapo wanaouliza kama Windows 10 ingekubali. Haikubali. Inataka PAE, NX na SSE2 kwa pamoja, na Banias haina NX kwa maumbile yake. Hakuna neno la kuchapa litakaloiongeza. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni habari nyingine kabisa, maana haina hata toleo la biti 32.

Hiyo SSE2 nayo ina mambo. Rafiki yangu ana kompyuta ya mezani yenye Pentium III, safi, ya chuma kizito, kibodi yake inalia vizuri. Aliponisikia nikijisifu alitaka yake nayo ipate mfumo mpya. Debian 12 ikakaa. Kerneli ikawaka, madirisha yakafunguka, tukafurahi. Kisha baadhi ya programu zikawa zinakufa mara tu zinapoguswa, bila dirisha la kosa. Tulipoziita kwenye temino zikaacha ujumbe mfupi: illegal instruction. Maana yake programu imeiomba prosesa itekeleze amri ambayo prosesa haijawahi kuisikia. SSE2 ni kundi la amri lililokuja na Pentium 4 mwishoni mwa mwaka 2000. Pentium III inaishia kwenye SSE ya kwanza. Firefox ilianza kuidai SSE2 kwenye Linux tangu toleo la 53 la mwaka 2017, na Chrome ilikuwa imetangulia kuidai mwaka 2014. Lugha ya Rust, ambayo sasa imeingia kwenye programu nyingi za chini, kwa kawaida hutengeneza programu za biti 32 ikichukulia kwamba SSE2 ipo.

Hapa ndipo hesabu zangu za mwanzo zilipovurugika. Mwaka huo huo wa 2003 AMD ilitoa Athlon XP 3200+, yenye mwendo wa gigahezi 2.2. Kwa mwendo huo haikuwa na sababu ya kuionea aibu Pentium M yangu. Lakini haina SSE2. Leo kompyuta yenye Athlon hiyo haiwezi kufungua Firefox ya kisasa, na mpakato wangu wenye gigahezi 1.4 unaweza. Mwendo hauingii kwenye kesi hiyo kabisa. Uamuzi ulifanywa na mtu aliyekuwa anatengeneza programu na kuchagua ni prosesa gani ya chini kabisa atakayoihudumia, na mara nyingi alichagua hivyo kwa sababu hakuna aliyebaki na mashine ya kufanyia majaribio. Sijawahi kuwalaumu. Linux yenyewe iliiacha 386 kwenye toleo la 3.8 la mwaka 2013, na 386 ndiyo prosesa iliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo sasa, mtu akiniletea mashine, sianzi na kuuliza ina RAM kiasi gani. Nawasha mfumo wowote mdogo kutoka kwenye flashi au sidii, nasoma /proc/cpuinfo, natafuta pae, nx, sse2, na lm. Hiyo lm ndiyo ya thamani kuliko zote. Ikiwepo, prosesa ni ya biti 64, na karibu yote niliyoyasimulia hadi hapa hayakuhusu. Nimeshaona kompyuta zikihangaishwa na distro za biti 32 kwa miaka kwa sababu zilikuja na Windows ya biti 32, na mwenyewe hakujua kwamba ndani mna prosesa ya biti 64.

Kuingiza mfumo kwenye mashine ya Pentium III kulikuwa na adha yake. Bayosi, programu ya mazabodi inayoamka kwanza, haikujua kuwaka kutoka kwenye flashi, na bandari zake za USB ni za 1.1, ambazo kikomo chake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 1 hivi kwa hali halisi. Kiendesha sidii kilikuwa kimechoka. Njia iliyotupa amani ilikuwa kuifungua, kutoa diski, kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta, kusakinisha huko, na kuirudisha. Kerneli ya Linux hubeba draiva nyingi kwa pamoja, kwa hiyo haishangai inapojikuta kwenye mazabodi nyingine. Cha kuangalia ni kwamba kisakinishi kisije kikaweka kerneli ya biti 64 kwa kuwa kimeona prosesa ya mashine ya muda.

Kabla ya kuanza lolote kati ya hayo, badilisha betri ndogo ya mazabodi. Mara nyingi ni CR2032, ingawa kwenye mpakato huenda ikawa imefungwa ndani ya plastiki yenye waya mbili. Kwenye mashine ya umri huu karibu kila mara imekufa, na dalili zake hazifanani na betri. Saa inarudi miaka mingi nyuma kila unapozima. Kisha kivinjari kinasema vyeti vya tovuti zote si halali, kwa sababu kwa tarehe hiyo vyeti bado havijaanza kutumika. Apt, programu ya Debian ya kusakinisha programu nyingine, nayo inakataa orodha za vifurushi ikisema ni za siku zijazo. Mtu anaweza kuubomoa mtandao mzima akitafuta kosa, wakati dawa ni kuweka tarehe sahihi. Ukiwa huna betri mkononi, iweke tarehe kwa mkono kabla ya kitu kingine.

Kwenye diski ndipo fedha na muda vinapolipa. Diski ya kuzunguka ya mpakato wa wakati ule ina umri ambao hupaswi kuuamini, na hata ikiwa nzima ndiyo inayoifanya mashine yote ionekane imezeeka. Mpakato wangu unatumia IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, ya pini 44. Kuna njia mbili nilizozijaribu. Ya kwanza ni kadi ya CompactFlash. Kadi hizi zina hali ya kufanya kazi inayofuata IDE yenyewe, kwa hiyo adapta yake ni waya tu, haina hata chipu ya kutafsiri. Zinafaa sana kwa mfumo mdogo. Ila kadi za bei rahisi nyingine hazina DMA, njia ya kupeleka data kwenye RAM bila kuisumbua prosesa, zinaangukia kwenye PIO, na hapo prosesa yenyewe ndiyo inayobeba kila baiti kutoka kwenye diski. Ukinakili faili kubwa, kishale cha kipanya kinaanza kukwama. Njia ya pili, niliyobaki nayo, ni SSD (diski isiyozunguka) ndogo ya aina ya mSATA kwenye kisanduku cha saizi ya diski ya inchi 2.5, chenye chipu ya kubadilisha SATA kuwa IDE. Njia yenyewe haizidi megabaiti 100 kwa sekunde, lakini hilo halinisumbui. Faida ya SSD kwenye kompyuta kuukuu ni kutosubiri sindano itafute mahali, na faida hiyo inapita hata kwenye njia nyembamba.

Mambo mawili ya pembeni kuhusu hilo. Chipu za kubadilisha aina hii mara nyingi hazipitishi amri ya TRIM, inayoiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena, kwa hiyo niliacha sehemu ya SSD bila kuigawa ili yenyewe ipate pa kujipangia. Na bayosi zilizo za kale zaidi zinahesabu vizio vya diski kwa biti 28, hivyo hazioni zaidi ya gigabaiti 137. Ukinunua SSD kubwa kwa mashine kama hiyo, hakikisha faili za kuwashia zimekaa mwanzoni mwa diski.

RAM ya gigabaiti 1 inatosha kuliko inavyosikika, mradi usiiache ifurike kwenye diski. Kilichonisaidia ni zram. Ni sehemu ya RAM inayogeuzwa kuwa swapu (akiba ya data inayozidi RAM, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye diski) iliyobanwa. Kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda hubanwa na kubaki humo humo ndani ya RAM, na kwa kawaida maandishi na data za programu hushuka hadi nusu au chini ya nusu ya ukubwa wake. Imekuwa sehemu rasmi ya kerneli tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Kuna uchaguzi wa namna ya kubana, na hapa ushauri wa mashine mpya haufai. Zstd inabana vizuri zaidi, lakini prosesa hii inaihisi. Lz4 haibani vizuri kama hiyo, ila inafungua haraka, na haraka ndiyo nilichokuwa nakihitaji. Niliipa zram nusu ya RAM, nikaacha na swapu ndogo kwenye SSD kwa dharura. Tofauti niliiona siku ya kwanza: kubadili kutoka kwenye kihariri kwenda kwenye kivinjari na kurudi hakukuwa tena safari ya kusubiri taa ya diski izime.

Madirisha ninaendesha kwa IceWM, programu nyepesi ya kuyapanga. Xfce, eneo-kazi kamili zaidi, nayo inawezekana kwenye gigabaiti 1, na kwa mtu asiyetaka kuhangaika ningemwekea hiyo. Nilichokizima ni kila kinachochora vivuli na uwazi, kwa sababu ya kadi ya picha. Hii ni Radeon 7500, na draiva zake za picha za pande tatu hazimo kwenye Mesa kuu, maktaba ya picha ya Linux, tangu toleo la 22.0 la mwaka 2022, pamoja na nyingine za rika lake, zikahamishiwa tawi la pembeni liitwalo Amber. Picha za kawaida bado zinachorwa bila shida. Lakini programu yoyote inayodhani kuna OpenGL (njia ya kuchora kwa kadi ya picha) ya kuaminika itairudisha kazi hiyo kwa prosesa, na prosesa ina kiini kimoja.

Kwenye mtandao nitapita haraka. Waya wa Ethaneti hufanya kazi bila kuulizwa. Kadi za Wi-Fi za 802.11b zilizokuja na mashine za wakati ule nyingi zinajua WEP tu, ulinzi wa zamani wa Wi-Fi, ambayo haifai kutumiwa na mtu yeyote, na suluhisho ni kadi ndogo ya USB yenye draiva ndani ya kerneli. Usimbaji wa AES hauna msaada wa chuma kwenye prosesa hizi, lakini OpenSSH, programu ya SSH, hupendelea yenyewe ChaCha20, namna nyingine ya usimbaji, ambayo ni nyepesi bila msaada huo. Hapakuwa na cha kufanya.

Sasa kivinjari.

Mfumo wote nilioueleza, ukiwa umefunguka na dirisha la temino na kihariri, unatumia sehemu ndogo ya RAM na prosesa inapumzika. Fungua ukurasa mmoja wa gazeti na kila kitu kinabadilika. Kurasa za leo ni programu, tena kubwa, zinazopakuliwa upya kila unapozitembelea. Prosesa inashika asilimia 100, feni inapanda, na maandishi ambayo ndiyo uliyoyafuata yanakuja mwisho. Nilijaribu kila hila: kuzima JavaScript kwa tovuti zote na kuiruhusu kwa chache, kuweka kizuia matangazo cha uBlock Origin, kupunguza idadi ya michakato ya Firefox, kuzuia fonti za kupakuliwa. Zote zinasaidia, na uBlock Origin inasaidia kuliko nyingine zote kwa pamoja. Lakini unapunguza maumivu tu. Barua pepe ndani ya kivinjari ni mateso, na barua hizo hizo kwenye programu ya barua ya Claws Mail zinafunguka papo hapo. Ramani ni mateso. Hati za kuandikwa mtandaoni na watu wengi ni mateso makubwa zaidi, maana herufi inatokea baada ya wewe kuwa umeshaisahau.

Nilichofanya mwishoni ni kuitoa Firefox kwenye nafasi ya kivinjari cha kila siku. Kiungo nikikibonyeza, kinafunguliwa na Dillo, kivinjari kidogo kisicho na JavaScript kabisa. Mradi wake ulikuwa umelala tangu toleo la mwaka 2015, ukaamka na kutoa la 3.1.0 mwaka 2024. NetSurf, kivinjari kingine kidogo, ninayo pia kwa kurasa ambazo Dillo inazipanga vibaya. Nyaraka za kiufundi, Wikipedia, blogu za watu wanaoandika kwa mkono, vyote vinasomeka vizuri. Na Firefox ipo kwa ajili ya zile tovuti ambazo bila JavaScript zinaonyesha ukurasa mweupe, nami huzifungua nikiwa nimekwisha kujua kwamba nitasubiri.

YouTube basi. Ndani ya kivinjari, hapana. Ukurasa wenyewe unaishinda mashine kabla video haijaanza, na video zikija kwa VP9 au AV1, namna mpya za kubana video, prosesa haiwezi kuzifungua kwa wakati. Lakini faili ya H.264 ya mistari 360, iliyokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta nyingine, inacheza kwenye kichezaji cha mpv bila kukatika, na ya 480 mara nyingi nayo inapita. Kadi ya picha haina inachosaidia hapo, kazi yote ni ya prosesa. Huwa nawaonyesha watu hilo nao husema, "Kumbe inafungua!" Nami sibishani nao.

Wakati mmoja nilihamia OpenBSD, mfumo endeshi mwingine usio Linux, kwa kutaka kitu chembamba zaidi. Nikaipenda, nyaraka zake hazina mfano. Lakini ina desturi moja ambayo mashine ya zamani inaisikia kwenye mifupa. Tangu toleo la 6.2, kila inapowaka huiunganisha upya kerneli kwa mpangilio wa kubahatisha, ili mshambuliaji asijue kitu gani kiko wapi, na maktaba kadhaa za mfumo hufanyiwa hivyo pia. Kwenye kompyuta mpya hutagundua. Kwenye Pentium M, kwa muda mrefu baada ya kuingia, feni inalia na kila programu inajivuta. Inaweza kuzimwa, ila nikiizima naona naondoa moja ya sababu za kuichagua. Nikarudi Debian.

Umeme nao usisahaulike, kwa sababu kuna wanaofufua kompyuta za mezani ili ziwe seva za nyumbani zisizozimwa. Pentium M iliundwa kwa ajili ya betri, na kiwango cha joto cha hii yangu ni wati 22. Pentium 4 za mwaka 2004 zilipita wati 100 kwa prosesa peke yake. Kuiacha mashine ya namna hiyo ikiwaka usiku na mchana ili igawe mafaili machache, wakati bodi ndogo ya wati chache ingefanya vile vile na zaidi, sioni maana yake. Kwa kuiwasha saa mbili uandike, sawa. Na ukiifungua, kagua kapasita kwenye mazabodi. Za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina sifa mbaya ya kuvimba juu na kuvuja, na mashine inayojizima ovyo mara nyingi inaumwa hapo, wala si kwenye mfumo endeshi. Gundi ya joto juu ya prosesa pia huwa imekauka kuwa unga. Kuibadilisha kulishusha kelele ya feni yangu kuliko mpangilio wowote wa programu.

Debian 13 ilipotoka Agosti 2025, haikuwa tena na kisakinishi wala kerneli kwa kompyuta za biti 32 za aina hii. Vifurushi vya i386, jina la toleo la biti 32 kwa prosesa hizi, vimebaki kwa ajili ya kuendeshea programu za zamani ndani ya mfumo wa biti 64. Firefox nayo imeishia toleo la 144 kwa Linux ya biti 32. Kwa hiyo mpakato wangu umefika mwisho wa barabara hiyo, na nina muda wa kupanga kabla viraka vya Debian 12 havijakoma.

Nilizitazama njia zilizobaki kwa kigezo kimoja ambacho zamani sikukifikiria, nacho ni saa. Mifumo inayohifadhi muda kwa biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038. Debian 13 ilihamisha matoleo yake mengine ya biti 32 kwenye muda wa biti 64, lakini i386 iliachwa kama ilivyo ili programu za zamani zisivunjike. NetBSD, ndugu wa OpenBSD, ilihama tangu toleo la 6.0 la mwaka 2012, na OpenBSD tangu la 5.5 la mwaka 2014, kwa prosesa zote ikiwemo i386. NetBSD 10, iliyotoka Machi 2024, bado inazikubali prosesa kuanzia 486. Nimeiweka kwenye kadi ile ya CompactFlash iliyokuwa imebaki mezani. Dillo imekubali, mpv imekubali, IceWM imekubali. Kadi ya Wi-Fi ya USB bado inakataa, kwa hiyo natumia waya, na wiki hii natafuta nyingine ambayo chipu yake imo kwenye orodha yao.